Sura ya Sita: Umri wa Ncha

Katika shule nyingi za Uganda, msichana Mwafrika hana mamlaka juu ya nywele zake. Tangu shule ya msingi hadi Senior Six hunyolewa karibu na ngozi, na anayerudi kutoka likizo na kichwa kilichojaa hukatwa kabla hajaingia darasani. Mwenzake wa Kihindi au chotara, aliye dawati moja naye, mara nyingi huachiwa zake, na tofauti hiyo huuma kwa miaka mingi. Mitihani ya mwisho ikiisha, Novemba au Desemba, ndipo binti wa Jinja au Mbale anapopata kwa mara ya kwanza ruhusa ya kuziacha zikue. Miaka mitatu au minne baadaye anakalia kiti cha saluni na kuomba apakwe balayaji. Nywele zilizo kichwani pake ndizo zote alizowahi kuwa nazo kwa urefu huo.

Nimeanza hapa kwa sababu ushauri mwingi juu ya kuchagua saluni ya rangi huanzia kwenye picha ya simu: tafuta picha unayoipenda, mwonyeshe msusi, uliza bei. Picha haijui kichwa chako kimepitia nini. Katika miji hii miwili, Jinja na Mbale, saluni nzuri ni ile yenye msusi anayetaka kujua historia ya nywele zako kabla hajafungua kopo lolote, na ambaye historia hiyo ikimtisha atakataa kazi yako na fedha zako. Hayo mengine yote nitakayoyaeleza yananing'inia hapo.

Balayaji ni kung'arisha nywele kwa mkono huru. Haina ile kofia ya plastiki yenye matundu iliyotumiwa zamani, wala vishungi havifungwi kimoja kimoja ndani ya foili. Msusi huzitazama nywele zinavyolala, huchukua kishungi, akapitisha brashi yenye dawa juu yake: kidogo sana karibu na mizizi, nyingi zaidi kuelekea ncha, ili rangi ionekane kama kazi ya jua. Saluni za Paris ndizo zilizoieneza miaka ya 1970, miongoni mwao ile ya dada wawili, Maria na Rosy Carita. Uzuri wake ni kwamba zikikua hazionyeshi mstari kati ya rangi mpya na mizizi, hivyo mtu hana haja ya kurudi saluni kila mwezi. Kwa mfuko wa mwalimu au muuguzi hilo ni jambo kubwa.

Lakini Paris ni Paris. Wasusi hupima giza la nywele kwa ngazi 10: ngazi ya 1 ni nyeusi tititi, ya 10 ni ya njano iliyopauka. Nywele za kahawia za Wazungu huanzia ngazi ya 4, 5 au 6, kwa hiyo kuzipandisha ngazi mbili au tatu kunatosha kuleta ule mng'ao wa pichani. Zetu huanzia 1 au 2. Safari ya kufika mahali palepale ni ndefu maradufu, na kila ngazi inalipiwa na unywele wenyewe.

Kuna jambo la pili, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2001 mtafiti wa Kifaransa Geneviève Loussouarn alichapisha vipimo vya ukuaji wa nywele za Waafrika: wastani wa milimita 0.256 kwa siku, wakati za Wazungu zilikua milimita 0.396. Kwa mwezi zetu zinaongezeka chini kidogo ya milimita 8. Chukua unywele wa sentimita 30, uunyooshe, na ufanye hesabu: ncha yake imekuwa duniani zaidi ya miaka mitatu. Imefungwa katika rasta mara kadhaa, imepigwa pasi, imechomwa na drayeri, imekaa chini ya wigi. Na balayaji, kwa asili yake, hupeleka dawa kali kuliko zote mahali hapohapo, kwenye sehemu ya nywele iliyozeeka zaidi. Sehemu changa na yenye nguvu, ile ya karibu na ngozi, ndiyo inayoachwa.

Kwa nywele ambazo hazijawahi kutiwa dawa, ncha ya miaka mitatu inaweza kuvumilia. Kwa zilizotiwa ritachi, ni habari nyingine. Dawa hiyo ya kulainisha, iwe ya sodiamu haidroksaidi au ya kalsiamu haidroksaidi, hufanya kazi kwa kuvunja bondi za salfa zinazoupa unywele umbo na nguvu yake, na nyingi kati ya bondi hizo hazirudi tena kama zilivyokuwa. Blichi nayo hufungua unywele ili peroksaidi ifike ndani na kuvunja melanini, ambayo ndiyo rangi yenyewe, lakini haichagui: huishambulia melanini na zile bondi za salfa kwa pamoja. Dawa ya pili inakuja kuchukua kilichosazwa na ya kwanza. Zaidi ya hayo, unywele wetu umesokotwa na kubanwa kama utepe, na katika kila msokoto pana udhaifu. Ndipo unapokatikia.

Ritachi imeenea mno mashariki mwa Uganda. Madukani kuna makopo ya kutoka nje na ya nyumbani, yakiwemo ya Movit, kampuni ya Kampala iliyoanzishwa mwaka 1997. Kwa utaratibu mzuri dawa hupakwa kwenye mizizi mipya tu, kila baada ya wiki sita hadi nane au zaidi. Kwa utaratibu wa saluni yenye foleni, mwanafunzi wa ususi huipaka mizizini kisha akaipitisha kwa kitana hadi mwisho, ili zote zilale sawasawa. Ncha ya miaka mitatu iliyopitishiwa dawa hivyo huenda imeungua mara kumi na zaidi, na mwenye kichwa hajui, kwa sababu kwa macho zinang'aa na kunyooka.

Basi msusi anayefaa ataanza na maswali. "Dada, dawa ulitia lini mara ya mwisho? Waliipitisha mpaka chini? Umewahi kupaka nyeusi? Hina je?" Atakuomba ufike na nywele zilizofumuliwa na kukauka, bila mafuta mengi, katika umbo unalotembea nalo kila siku. Hili ni la lazima kwa wenye nywele za asili, kwa kuwa zikikauka zinaweza kujikunja hadi chini ya nusu ya urefu wake. Rangi iliyopangwa kwenye nywele zilizovutwa kwa drayeri itajikusanya mahali pengine kabisa siku ya kwanza utakayoziosha. Atashika uzi mmoja uliolowa na kuuvuta taratibu. Ukirefuka kidogo na kurudi, vema. Ukirefuka tu na kubaki hivyo, au ukakatika, atakuwa amepata jibu lake.

Nawe usimfiche. Najua aibu ya kusema kwamba ulipaka rangi nyeusi ya unga nyumbani kwa sababu ya mvi mbili tatu, au kwamba dawa ulitiwa na jirani kibarazani. Sema. Rangi nyeusi iliyorundikana haitoki kama melanini inavyotoka. Huacha mabaka, hapa chungwa, hapa nyekundu, hapa nyeusi ileile. Baadhi ya hina za pakiti zina chumvi za metali, na hizo zikikutana na peroksaidi hupata joto kiasi cha kuuteketeza unywele. Hina safi ya majani haina balaa hiyo, ingawa nayo ni ngumu kung'arisha na huelekea kwenye chungwa. Kwa akina mama wa Mbale waliozoea kupakwa piko mikononi wakati wa harusi, kuna onyo zaidi. Piko nyeusi mara nyingi ina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, PPD, ambayo imo pia katika rangi nyingi za nywele. Ngozi ikiwahi kuikataa mkononi inaweza kuikataa kichwani, kwa ukali zaidi, hadi uso kuvimba. Kwa hiyo rangi yoyote ijaribiwe nyuma ya sikio au kwenye kiwiko saa 48 kabla, na saluni inayoona jambo hilo kama usumbufu uiache.

Maji nayapa nafasi kubwa kuliko vioo na makochi. Blichi iliyofikia ngazi uliyoitaka haingoji. Isiposafishwa inaendelea kula. Umeme ukikatika katikati ya balayaji hakuna maafa, kwa kuwa kazi hii haihitaji joto. Utatoka na nywele mbichi na kuzikausha kwa upepo wa barazani. Maji yakikatika hakuna cha kukuokoa. Mbale hutegemea mito inayoshuka kutoka mlima Masaba, na mito hiyo ina hasira zake: usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kuharibu mabomba ya maji ya mji. Si lazima pawe na gharika. Hata ukarabati wa kawaida wa bomba hukausha mtaa kwa nusu siku. Jinja iko kando ya ziwa na Nile, lakini bomba la jengo ni bomba la jengo. Ingia saluni ukaangalie. Je, kuna tangi juu ya paa? Kuna jerikeni zilizojaa nyuma ya sinki, na ni ngapi? Jerikeni moja ya lita 20 haitoshi kuondoa blichi kwenye kichwa chenye nywele nyingi na kisha kusafisha tona, ile rangi nyepesi ya kumalizia. Ningependelea kibanda cha mbao chenye jerikeni sita zilizojaa kuliko duka la vioo lenye bomba linalokohoa.

Halafu vuta pumzi. Unga wa blichi una pasulfeti, na pasulfeti ni sababu inayojulikana ya pumu miongoni mwa wasusi. Chumba kisicho na dirisha kinakuumiza wewe kwa saa tatu na kinamuumiza yule binti anayefanya kazi humo kwa miaka. Saluni inayofungua milango na kumpa mfanyakazi wake glavu imeonyesha kitu juu ya namna itakavyokutunza. Hata hivyo kiti chako kisiwe mlangoni penye jua. Jinja iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, Mbale digrii moja, na dawa iliyopakwa wazi bila foili ikipigwa na jua na upepo hukauka. Ikikauka huacha kufanya kazi. Msusi asiyelijua hilo hupaka tena juu yake, na mahali pale panapata dozi mbili. Kuna blichi zilizochanganywa na udongo laini kwa ajili ya kazi hii, ambazo hukauka juu na kubaki na unyevu ndani. Uliza kama anayo. Asipokuwa nayo, atumie plastiki nyembamba kufunika vishungi alivyokwisha kupaka.

Kopo lenyewe uliombe ulione. Peroksaidi huuzwa kwa nguvu mbalimbali: volyumu 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Kwa nywele zetu namwamini anayetumia 20 na kungoja, hata ikibidi kurudi siku nyingine kwa awamu ya pili. Anayekimbilia 40 ili akumalize kabla ya mteja anayefuata anatumia nywele zako kununua muda wake. Unga uliochotwa kutoka kopo kubwa na kufungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), bila jina wala tarehe, usiukubali kichwani pako hata kama bei ni nusu, kwa sababu hakuna anayeweza kukuambia umechanganywa na nini, na peroksaidi iliyokaa wazi hupoteza nguvu hivyo msusi hawezi kuipima kwa uhakika. Bakuli liwe la plastiki, si la bati. Saa iwe mezani. Msusi anayefungua kishungi kila baada ya dakika chache na kufuta dawa kwa kitambaa ili aone rangi imefika wapi anastahili bei yake.

Kuhusu rangi, nataka kusema jambo ambalo huenda litaonekana la mbali. Mwaka 1954 madaktari Trowell, Davies na Dean, waliofanya kazi Uganda, walitoa kitabu chao juu ya kwashiakoo, ugonjwa wa watoto unaotokana na lishe duni. Moja ya dalili zake ni nywele: hupoteza weusi, zikawa za rangi ya kutu, nyepesi, rahisi kung'oka. Bibi aliyelea watoto Budaka au Bududa katika miaka ya njaa aliijua rangi hiyo kabla daktari hajaiandika. Anapomwona mjukuu amerudi kutoka mjini na ncha za kutu, zilizokauka, zinazosimama kila upande, moyo wake hushtuka, na wala si kwa sababu ya ushamba. Macho yake yamefunzwa kuogopa nywele za namna hiyo. Mimi nakubaliana naye kwa sehemu. Chungwa lililochujuka ni rangi ya kazi iliyoachwa njiani.

Nywele nyeusi zikipoteza melanini hupita nyekundu, kisha chungwa, kisha njano. Hazikwepi vituo hivyo. Msusi anaposimama kwenye chungwa, kama ngazi ya 6 au 7, anatakiwa kuweka tona: ya bluu hupunguza uchungwa, ya zambarau hupunguza unjano. Hapo ndipo karameli inapopatikana, na asali, na ile shaba nzito ambayo juu ya ngozi nyeusi hupendeza kuliko njano yoyote. Saluni nyingi huiruka hatua hii kwa kuwa tona ni gharama nyingine na nusu saa nyingine. Uliza mapema: bei uliyoniambia ina tona ndani? Ina kuosha na dawa ya protini baadaye? Anayejibu kwa kukunja uso hana tona dukani. Na kwa maoni yangu, mwanamke wa hapa anayetaka kubaki na nywele zake asivuke ngazi ya 7. Uzuri wa karameli juu ya nywele zilizojikunja, kila mkunjo ukishika mwanga kivyake, unatosha; sijaona sababu ya kulipa zaidi ya hapo kwa nywele zilizokatika.

Jinja na Mbale hazifanani, ingawa kilomita kama 140 za lami kupitia Iganga na Tirinyi ndizo zinazozitenganisha, na zote mbili zilipewa hadhi ya jiji siku moja, 1 Julai 2020. Jinja ina watalii wa Nile, wafanyakazi wa mashirika, na familia za Kihindi, zikiwemo zilizofukuzwa na Amin mwaka 1972 na kurejea baada ya 1986. Main Street yenyewe, na zile baraza zake za nguzo, ni kazi ya mikono ya Wahindi. Kwa sababu hiyo mjini humo utampata msusi aliyezoea kung'arisha nywele nyembamba zilizonyooka. Usidhani mkono huo utajua zako. Unywele ulionyooka huonyesha kila mpito wa brashi, kwa hiyo msusi wake hufunzwa kufifisha mipaka. Unywele uliojikunja huficha mipaka lakini hukatika haraka, kwa hiyo msusi wake anatakiwa kujua pa kuacha. Omba kuona kichwa kama chako. Mwanamke wa Kihindi wa Jinja naye aombe kuona kichwa kama chake, maana nywele zake nzito, nyeusi na zilizopakwa mafuta tangu utotoni, si za Mzungu wala si za Msoga.

Mbale ina mambo yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, kimeleta mjini wanawake wengi wanaofunika vichwa, na hao wana haki ya kupendezeshwa pasipo kutazamwa na mpita njia. Saluni nyingi Uganda zina wasusi wanaume, na baadhi yao ni mafundi hodari wa rangi. Asiyetaka mkono wa mwanamume aseme siku ya kuweka miadi, asingoje hadi aketi. Dai pazia lisilopenyeka au chumba cha ndani, lakini lile dirisha la hewa nililolitaja lisizibwe kwa ajili ya faragha. Jambo la pili la Mbale ni kalenda. Mwezi Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu, inapofunguliwa Mutoto, mji hujaa ndugu na wageni, na kila mtu anataka kupendeza. Balayaji ni kazi ya saa nyingi. Mwezi huo na ule wa Desemba usiiguse. Chagua Jumanne ya katikati ya mwezi, msusi akiwa na muda wa kungoja dawa.

Miji hii inashinda Kampala katika jambo moja kubwa. Kampala unaonyeshwa picha iliyopigwa dakika tano baada ya drayeri, mbele ya taa ya duara. Jinja na Mbale unaweza kuuona mkono wa msusi ukipita barabarani. Yule karani wa ushirika wa mikopo alipakwa Pasaka. Leo ni Agosti, yuko mbele yako kwenye foleni ya soko kuu. Tazama ncha zake. Zimebaki na urefu? Rangi imetulia au imegeuka kutu? Ukimsalimia na kumsifu atakwambia kila kitu: nani alimpaka, alikaa muda gani, aliwashwa au la, ametumia nini kuzitunza. Ushahidi wa miezi minne una thamani kubwa kuliko picha mia. Vyeti navyo vina heshima yake, kama vile vinavyotokana na mitihani ya ufundi ambayo Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikisimamia, nami hufurahi nikiviona ukutani, kwa kuwa binti aliyevipata alijinyima ili avipate. Lakini nikipewa kuchagua kati ya cheti ukutani na kichwa kilichodumu miezi minne sokoni, nitafuata kichwa.

Kwa wenye ritachi ambao wameshaambiwa hapana, ipo njia, na naitetea kwa moyo wote. Rangi ipakwe kwenye wigi la nywele za binadamu. Msusi huling'arisha likiwa juu ya kichwa cha plastiki, kwa mkono huru uleule, na likiharibika hakuna aliyeumia isipokuwa mfuko. Lisiwe la nyuzi za viwandani: Kanekalon, nyuzi ya Kijapani ambayo hutumika katika rasta nyingi, haina melanini ya kuvunjwa na blichi haiifanyi chochote. Hizo nyuzi za rasta huja na mpito wa rangi tayari. Wasusi wa sokoni Mbale wanazijua kwa namba bila kutazama pakiti: 1B ni nyeusi ya asili, 30 ni kahawia yenye uwekundu, 27 ni asali. Pakiti yenye 1B juu na 27 chini, ikisukwa kwa rasta nyembamba, inakupa kivuli kilekile cha balayaji kwa wiki sita, na zako zimelala salama ndani. Wenye dredi wanaweza kung'arishwa ncha tu, mradi msusi akubali kuosha kwa muda mrefu kuliko anavyodhani inahitajika, kwani blichi hujificha katikati ya dredi na kuendelea kuila kwa ndani.

Au mwenye ritachi aiache kabisa. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 walitoa matokeo yaliyozungumzwa sana: kwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05, na kwa wasiotumia kabisa asilimia 1.64. Kwa rangi, blichi na hailaiti hawakuona uhusiano huo. Utafiti mmoja haumalizi neno. Hata hivyo mwanamke anayetaka rangi na ametumia ritachi kwa miaka anaweza kuliona hili kama mlango: aache dawa, asuke, akate ncha za zamani kidogo kidogo, na baada ya miaka miwili hivi atakuwa na karibu sentimita 18 za nywele zake mwenyewe, zenye bondi zote. Hizo zitapokea karameli bila kulia. Katika kipindi hicho siagi ya shea kutoka Lango au Acholi, ile laini inayoyeyuka kiganjani, itazuia zisikauke, ingawa haiunganishi kilichovunjika na asikudanganye mtu kwamba inaunganisha.

Ukishampata msusi wa kumwamini, usimpe kichwa siku hiyohiyo. Mwombe afanye jaribio: achukue kishungi kidogo nyuma ya sikio au kisogoni, sehemu iliyojificha, akipake dawa ileile atakayotumia, akiache muda uleule, akioshe, akitie tona. Kisha uende nacho nyumbani wiki nzima. Ukioshe mara mbili, ukilalie, ukivute. Ukiona kimebaki kizima na rangi unaipenda mchana wa jua na jioni ya taa, panga siku. Kikikatika, rudi umwonyeshe. Fundi mzuri atataka kuona. Jaribio hilo mlipe, hata kama mwishowe atakwambia hapana. Ametumia unga, peroksaidi, maji na saa moja ya kazi yake, na mji ambao wateja hulipia majibu ya namna hiyo utakuwa na wasusi wenye ujasiri wa kuyatoa.